Nesi Aliyeandika Mapenzi ya Wanaume: Riwaya Hizi Zinasema Kweli Kiasi Gani?



Huku Uingereza sisi wazima, mvua ya manyunyu na giza linaingia saa kumi jioni kama kawaida. Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya zamu za usiku, lakini leo nina siku mbili za kupumzika, basi nimeona nimjibu binamu yangu mmoja aliyeniuliza swali zito. Kasema hivi: "Dada, hizi riwaya za mapenzi ya mwanaume kwa mwanaume ambazo watu wanasoma kwenye simu siku hizi, yale mambo ya chumbani yaliyomo ni ya kweli? Wewe nesi, utajua."

Haya, nitajibu. Nitatumia lugha ya kliniki, kwa hiyo mama wadogo na mashangazi msifunge ukurasa. Sitaki kugombana na mtu kuhusu dini yake wala mila yake. Nataka tu kueleza hivi vitabu vilitoka wapi, maana ukijua historia yake utajua pia kwa nini vinasema kweli pale na kudanganya hapa.

Tuanze na sheria. Uingereza hii hii mnayoiona leo iliwanyonga wanaume kwa kosa hili. Wawili wa mwisho, James Pratt na John Smith, walinyongwa London mwaka 1835. Adhabu ya kifo iliondolewa mwaka 1861, lakini mwaka 1885 ikaja sheria nyingine ya kumfunga mwanaume yeyote kwa "uchafu" na mwenzake, hata wakiwa ndani ya nyumba yao. Sheria hiyo ndiyo iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895, miaka miwili na kazi ngumu. Na msidhani habari hizi ziliishia huku. Vifungu vya kanuni za adhabu za Tanganyika na Kenya vilivyoandikwa mwaka 1930 vilitoka kwenye kabati la Mwingereza yule yule.

Sasa fikirieni mtu anayetaka kuandika riwaya ya mapenzi katika hali hiyo. E. M. Forster aliandika riwaya inayoitwa Maurice mwaka 1913 na 1914. Ni habari ya wanaume wawili wanaopendana, na mwisho wanabaki pamoja salama. Huo mwisho ndio uliokuwa hatari. Kama angewaua au kuwafunga jela ingekuwa rahisi zaidi kuichapisha, kwa kuwa msomaji angesema wamepata walichostahili. Forster akakataa kuwaua. Basi kitabu kikakaa kwenye droo, marafiki wachache tu wakikisoma, mpaka kilipochapishwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo binamu atalipenda. Forster alipoandika kitabu hicho alikuwa na miaka kama 35, na kwa mujibu wa walioandika maisha yake, alikuwa bado hajalala na mwanaume. Hilo lilitokea mwaka 1916 huko Alexandria, Misri, alipokuwa akifanya kazi ya Msalaba Mwekundu, akipita mahospitalini kuwauliza majeruhi habari za askari waliopotea. Kwa hiyo riwaya ya kwanza kubwa ya Kiingereza ya aina hii iliandikwa na mtu aliyekuwa akikisia. Moyo aliujua vizuri kabisa. Mwili alikuwa hajaujua.

Wa pili ni mwenzetu wa kazi, na ndiye aliyenifanya nichague mada hii. Anaitwa Mary Renault. Jina lake halisi ni Eileen Mary Challans, alizaliwa London mwaka 1905, akasoma chuo kikuu Oxford, kisha mwaka 1933 akaanza kusomea unesi katika hospitali ya Radcliffe Infirmary hapo hapo Oxford. Kwenye mafunzo hayo alikutana na nesi mwenzake, Julie Mullard, wakaishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha. Wakati wa vita alihudumia askari waliookolewa Dunkirk mwaka 1940, baadaye akafanya kazi wodi ya upasuaji wa ubongo mpaka 1945. Mwaka 1947 alipata tuzo ya kampuni ya filamu ya MGM, dola 150,000, fedha ambazo nesi wa wakati ule hakuziota. Mwaka 1948 yeye na Julie wakahamia Afrika Kusini, na huko ndiko alikofia, Cape Town, mwaka 1983.

Mwaka 1953 alitoa riwaya ya The Charioteer. Mhusika wake, Laurie, ni askari aliyeumia mguu Dunkirk, yuko hospitalini, anavutwa na wanaume wawili: kijana mhudumu wa wodi aliyekataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yake, na afisa wa meli aliyejeruhiwa mkono. Jamani, someni zile kurasa za hospitali! Maumivu ya usiku, sista anayejua kila kitu bila kuambiwa, majeruhi wanavyotaniana ili wasilie. Hizo zimeandikwa na mtu aliyesukuma toroli. Lakini tukifika chumbani, pazia linashuka. Usiku ule mkubwa wa kitabu umepitishwa kwa maneno machache sana, msomaji asiye makini anaweza kuuruka asijue kilichotokea. Na hata hivyo Marekani kitabu hakikutoka mpaka mwaka 1959.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa binamu ni hili: riwaya za zamani hazikudanganya kuhusu ngono, zilinyamaza. Zilinyamaza kwa sababu ya polisi na mahakama.

Pazia lilianza kufunguka taratibu. Mwaka 1959 Uingereza ilibadilisha sheria ya machapisho machafu. Mwaka 1967 England na Wales zikaacha kuwashitaki wanaume wa miaka 21 na zaidi kwa jambo la faragha. Scotland ilifuata kwa sheria ya mwaka 1980, na Ireland Kaskazini mwaka 1982. Huko Marekani, Gordon Merrick alitoa The Lord Won't Mind mwaka 1970, na mle ngono ikaandikwa waziwazi. Mwaka 1974 likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: wanawake mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walianza kuchapisha katika vijarida vyao hadithi za Kapteni Kirk na Spock wakiwa wapenzi. Kutoka hapo mto ukakua. Hadithi zikahamia kwenye intaneti, kisha zikawa vitabu vya dukani, na leo waandishi wengi wa riwaya hizi ni wanawake, na wasomaji wao wengi ni wanawake pia. Mwaka 2009 tuzo za Lambda za Marekani zilijaribu kusema kwamba washindani wawe watu wa jamii hiyo wenyewe tu. Ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 2011 wakalegeza.

Sasa tuje kwenye ukweli wenyewe. Nina mambo matatu.

La kwanza, riwaya nyingi za leo zina ngazi moja tu: busu, kisha hiki, kisha kile, na mwisho lazima kuingiliana kwa njia ya haja kubwa, kana kwamba bila hilo mapenzi hayajatimia. Watafiti wa Marekani waliwauliza karibu wanaume 25,000 wanaolala na wanaume kuhusu mara yao ya mwisho, matokeo yakatoka mwaka 2011. Karibu robo tatu walitaja kubusiana. Waliotaja kuingiliana walikuwa zaidi kidogo tu ya theluthi moja. Maana yake, tendo ambalo riwaya inalifanya kilele, kwa wengi halikuwepo kabisa siku ile.

La pili, maandalizi. Sehemu ile ya mwili haijilainishi yenyewe kama uke wa mwanamke. Hilo ni umbile tu, haliangalii mtu ana mapenzi kiasi gani. Bila kilainishi na bila subira kuna kuchanika, na pakichanika virusi vinapata mlango. Kwenye riwaya nyingi mambo yanatokea ghafla ukutani, hakuna anayeumia, wote wanafika pamoja, asubuhi wanakunywa kahawa. Na hili si la kuchekea tu. Mwaka 2016 serikali yetu Tanzania ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi. Kijana aliyesoma riwaya asikutane na neno hilo, na dukani asilikute, atajifunza wapi?

La tatu, ugonjwa. Ripoti ya kwanza ya kitabibu ya kile tulichokuja kukiita UKIMWI ilitoka tarehe 5 Juni 1981, wanaume watano wa Los Angeles. Miaka iliyofuata manesi wa London waliwauguza vijana ambao hata chakula chao kiliachwa mlangoni. Mwaka 1987 Princess Diana alifungua wodi maalumu katika hospitali ya Middlesex, akamshika mgonjwa mkono bila glavu, dunia nzima ikashangaa. Baada ya hapo waandishi wengi walianza kuwavalisha wahusika wao kondomu. Siku hizi sayansi imesonga mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wenzi wa kiume 782 ambao mmoja ana VVU na dawa zimevifubaza hadi havionekani kwenye vipimo. Walikutana bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Walioambukizwa na wenzi wao ni sifuri. Hiyo nayo ni hadithi ya mapenzi, tena nzuri, lakini ni riwaya chache zinazomwonyesha mtu akimeza kidonge chake kila siku.

Je, tuzitupe? Hapana. Kampuni ya Mills & Boon imeuza hadithi za daktari na nesi kwa miaka mingi, na katika hizo nilizosoma mimi hakuna nesi anayemwaga chombo cha haja cha mgonjwa. Hatujawahi kusema zipigwe marufuku kwa hilo. Mtu anasoma riwaya ya mapenzi ili auone moyo unavyopata unachotafuta. Forster alitaka wanaume wake wawe hai ukurasa wa mwisho, na kwa zama zake huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko kueleza mambo ya kitandani.

Shida ni pale riwaya inapokuwa mwalimu pekee. Kwetu nyumbani mambo ya mwili hayasemwi mezani, ya mume na mke hayasemwi, sembuse haya. Hapa kliniki wanakuja vijana, wengine wanaongea Kiswahili changu, wanaumwa na wamekaa wiki nzima wanaona aibu. Mimi siwaulizi wana dhambi gani. Nawauliza inauma wapi, na tangu lini.

Basi binamu, jibu lako ni hilo: ya moyoni ziamini kidogo, ya mwilini waulize manesi. Na nyie wengine huko nyumbani, kijana wenu akija na swali kama hili, la namna yoyote, msimfukuze. Mjibuni, au mtafutieni mtu wa kumjibu.

Salamu kwa bibi, mwambieni pesa ya dawa nimetuma Jumanne. Tukijaliwa tutaongea tena.