Kutoka Shaba hadi Kadogo: Miaka 32 ya Mobutu

Mwaka 1971, Mobutu alipoipa Kongo jina la Zaire, jimbo la Katanga nalo lilibatizwa upya. Likaitwa Shaba. Mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Lisala, kaskazini ya mbali, na jeshi lake lilisema Kilingala tangu enzi za Wabelgiji. Lakini mali iliyomweka madarakani ilichimbwa kusini-mashariki, kwa watu wa Kiswahili, na jina aliloliazima kwao lilisema wazi alichokitaka huko.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ndiye aliyempa unadhimu mkuu wa jeshi mwaka 1960. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Mobutu walimkamata Lumumba, na Januari 17, 1961 akauawa hukohuko Katanga. Mtu hawezi kuisimulia enzi hii akairuka damu hiyo. Mobutu alipotwaa nchi Novemba 24, 1965, hofu ilikuwa tayari chombo chake: Juni 1966 Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, alinyongwa hadharani pamoja na wenzake watatu. Mwaka uliofuata kikaja chama cha MPR, ambacho kila raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa.

Mwaka huohuo wa 1967 migodi ya Union Minière ilitaifishwa, ikazaliwa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Kule Gbadolite, msituni, yakajengwa makasri na uwanja wa ndege wa kutosha Concorde. Novemba 1973 mashamba na maduka ya wageni yaligawiwa vigogo. Muda si mrefu bei ya shaba ikaporomoka. Waasi walipovamia Shaba kutoka Angola, 1977 na tena 1978, aliokolewa na majeshi ya Morocco, Ufaransa na Ubelgiji. Kwa maoni yangu, utawala wake ulianguka hapo. Tangu hapo aliegemea mataifa ya Magharibi yaliyomwona kuwa ngome dhidi ya Wakomunisti.

Vita Baridi vilipokwisha, egemeo likaondoka. Aprili 24, 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakimlenga. Askari wasiolipwa wakapora Kinshasa mwaka 1991, wakarudia 1993. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, haikufikisha hata 50,000 mwaka 1994.

Oktoba 1996 vita vikawaka Kivu. AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, aliyewahi kuishi Tanzania kwa miaka, ilisonga magharibi ikibebwa na Rwanda na Uganda. Ndani yake walikuwamo watoto wenye bunduki, na Kongo nzima ikawajua kwa neno la Kiswahili: kadogo. Mei 16, 1997 Mobutu, akiugua saratani ya tezi dume, aliondoka Kinshasa. Kesho yake kadogo waliingia kwa miguu, wengi wakivaa mabuti ya mpira, wakisema Kiswahili katika mji wa Kilingala. Mahali pao palikuwa darasani.

Shaba ikarudia jina la Katanga. Mobutu alifariki Rabat, Septemba 7 mwaka huohuo, akazikwa huko.