Bunduki ya Bula Matari: alama zake na bei yake

Bunduki kuukuu ikichimbuliwa shambani, ao ikikutwa ndani ya vitu vya marehemu babu, watu wa Kisangani huuliza maswali mawili: ilikuwa ya nani, na ni ya bei gani? Jibu la swali la kwanza liko kwenye chuma chenyewe.

Ikiwa baruti inaingizwa kwa mdomo, hiyo ni pupu, bunduki ya biashara. Zilikuwa nyingi huku wakati wa Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887.

Ikiwa nyuma ya mtutu kuna kifuniko kinachoinuliwa kuelekea mbele, na inaingia risasi moja tu nene ya milimita 11, hiyo ni Albini. Ubelgiji iliichukua mwaka 1867. Baadaye ilifika mikononi mwa askari wa Force publique, jeshi la Leopold II. Mwaka 1897, askari wa Dhanis waliotoka Stanley Falls kwenda upande wa Nile waliasi njiani, na silaha za leta zikawageukia wakubwa wao wazungu.

Ikiwa ina komeo la kuvuta kwa mkono, sanduku la risasi tano, na mtutu umevikwa bomba jingine la chuma, hiyo ni Mauser ya 1889, ya milimita 7,65. Kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka huohuo ili kutengeneza 150 000 za namna hiyo kwa jeshi la Ubelgiji. Jina la kiwanda hupigwa kwenye chuma. Herufi F.P. kwenye mbao zinaonyesha Force publique.

Kuhusu bei, wakusanyaji wa Ulaya hutazama kama namba za vipande zote zinafanana, na kama mbao ni zilezile za kwanza. Anayesugua kutu kwa msasa anafuta alama, na bei inaanguka.

Lakini hapa kwetu hiyo si mali ya soko. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 haiachi mtu auze silaha ya vita apendavyo. Tena tangu mwaka 2023, vita vya Wambole na Walengola vimekimbiza familia nyingi, na wengi wametafuta usalama humu mjini. Wakati kama huu, bunduki ndani ya nyumba, hata ya kale, inaweza kumletea mwenye nayo mashaka makubwa. Risasi inaweza kuwa bado imo. Isivutwe, watoto wasogezwe mbali, wakubwa wa leta waitwe.

Bei nyingine haiandikwi kwenye chuma. Katika sehemu za mpira, wakati wa Leopold, risasi zilihesabiwa: askari alidaiwa mkono wa kuume wa mtu kwa kila risasi aliyotumia. Wengine walikata mikono ya watu walio hai ili hesabu itimie.

Kwa hiyo, kabla bunduki haijachukuliwa, namba yake iandikwe kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeibeba, kijiji chake na habari zake kama wazee wanavyozijua. Familia inayokimbia haiwezi kubeba bunduki. Daftari inaweza.