Nakala ya Daftari ni ya Nani?

Mwaka 1970, Socialist Workers Party, chama kidogo cha mrengo wa kushoto, kilipeleka kortini jimbo la New York kwa ajili ya karatasi. Sheria ya huko ilivipa orodha ya wapigakura bure vyama ambavyo mgombea wao wa ugavana alizoa kura 50,000. Vilivyobaki vijinunulie. Majaji waliona kwamba jimbo likishaamua kugawa, halina haki ya kumpa aliyeshiba na kumuuzia mwenye njaa. Mwaka uleule Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono.

Huku Ramisi, Kwale, pwani ya Kenya, daftari la wapigakura lina kidonda cha zamani zaidi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa, waliishi miongo bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho haandikishwi. Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Vitambulisho vilifika mwanzoni mwa 2017, miezi michache kabla ya kura ya Agosti. Mtu aliyetembea hivyo huuliza kwanza, "Nami nimo?" Zanzibar nako wapinzani wamelalamika miaka mingi juu ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kwa kuwa ndiye anayeshuhudia nani mkaazi. Hata kesi ya Raila Odinga ya 2013, ya kupinga matokeo ya urais, ilibishania uhalisi wa daftari: Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba ni mkusanyiko wa sehemu kadhaa, kikiwemo Kitabu cha Kijani, yaani daftari la kuandikwa kwa mkono.

Nakubali kwamba kuwemo hutangulia. Lakini tumekomea hapo, nalo swali la New York, la nani apewe nakala, likabaki mlangoni. Chama kisicho na ofisi huku Msambweni, jimbo letu la uchaguzi, bila nakala kitajuaje nani amefariki, nani amehamia kituo kingine, ajenti wake apinge jina lipi?

Nitaambiwa: mbona Desemba 2020 Feisal Bader, mgombea huru, alimshinda Omar Boga wa ODM hapahapa Msambweni, kura 15,251 kwa 10,444? Kweli, na nauheshimu ushindi ule. Ila nyuma yake alikuwepo William Ruto, Naibu wa Rais wa wakati huo. Mimi namfikiria asiye na mgongo wa kuegemea.

Katiba yetu ya 2010 ina usawa katika ibara ya 27 na haki ya kupata habari katika ya 35. Msingi wa kudai upo. Kinachonitia hofu ni kingine: taarifa za watu kutumiwa vibaya. Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikwa wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Kwa hiyo nakala itolewe ikiwa na jina na kituo tu, bila namba ya kitambulisho wala ya simu, siku moja na kwa bei moja, kwa chama kikubwa, kidogo na mgombea huru.