Kumbi za Mpira wa Kikapu Zinazostahili Nauli

Tarehe 6 Juni 1946, wenye kumbi za michezo wa miji mikubwa ya Marekani na Kanada walikutana New York wakaanzisha ligi ya mpira wa kikapu. Wengi wao waliishi kwa mapato ya hoki ya barafu na ndondi, na usiku ambao hapakuwa na mchezo viti vyao vilikaa vitupu. Kikapu kilitafutwa ili kuvijaza. Ligi hiyo, ambayo tangu 1949 inaitwa NBA, ilianza kwa sababu ya majengo. Kwa hiyo anayetaka kufunga safari kwenda kuangalia mechi, na mbele yake ana timu 30 za kuchagua, afadhali aulize kwanza historia ya jengo, kisha ndipo aulize nyota wa msimu.

Mechi ya kwanza ya ligi hiyo ilichezwa Toronto tarehe 1 Novemba 1946, ndani ya Maple Leaf Gardens, ukumbi wa hoki uliofunguliwa 1931. New York Knicks waliwafunga wenyeji 68 kwa 66. Jengo bado lipo. Chini kuna duka kubwa la vyakula, juu kuna ukumbi wa michezo wa chuo kikuu. Kwa mpenzi wa historia hapo ni mahali pa kupita njiani, kwani timu ya leo ya Toronto huchezea kwingine.

Boston ndiko kwenye utajiri na hasara kubwa zaidi. Boston Garden ulifunguliwa 1928 na mfanyabiashara wa ndondi Tex Rickard. Sakafu yake maarufu ya vipande vya mwaloni ilitokana na uhaba: baada ya Vita Kuu ya Pili mbao ndefu zilikuwa adimu, mafundi wakaunganisha vipande vifupi. Juu ya sakafu hiyo timu ya Boston ya Bill Russell ilijenga enzi ya mataji 11 katika misimu 13, kuanzia 1957 hadi 1969. Ukumbi haukuwa na kiyoyozi, na katika fainali za 1984 Los Angeles Lakers walicheza humo kwenye joto la kama nyuzi 36, wakashindwa. Garden ulifungwa 1995, ukavunjwa miaka michache baadaye. Mrithi wake, TD Garden, alihamishiwa bendera za ubingwa na, kwa miaka michache, hata sakafu ya zamani. Anayekwenda Boston leo ataziona bendera na sakafu mpya iliyoiga mtindo wa ile ya kwanza. Kuta zilizoshuhudia hayo yote hazipo tena.

Chicago yalitokea yaleyale. Mataji matatu ya kwanza ya Michael Jordan, 1991 hadi 1993, yalipatikana timu yake ikiwa bado Chicago Stadium, ukumbi wa 1929 uliosifika kwa kelele. Ulivunjwa 1995, na mahali pake pakawa maegesho ya magari. United Center, ng'ambo ya barabara, una sanamu ya Jordan na mataji matatu yaliyofuata, hivyo hauna haja ya kuazima sifa za mtangulizi wake.

Kilichoziua kumbi hizo kongwe ni fedha. Mwaka 1988 Detroit Pistons walihamia The Palace of Auburn Hills, uliojengwa ukiwa na vyumba 180 vya kifahari vya kukodishwa kwa makampuni. Wenye timu wengine walipiga hesabu wakaona kumbi zao haziwezi kuleta mapato kama hayo. Katika miaka ya 1990 kumbi mpya zilichipuka mji baada ya mji, nyingi zikifanana na kubeba majina ya makampuni. Palace wenyewe, uliowafundisha wengine biashara hiyo, ulibomolewa 2020. Los Angeles, Staples Center wa 1999 ulibadilishwa jina 2021 kwa sababu mnunuzi mwingine wa jina alipatikana.

Indianapolis walichagua njia nyingine. Ukumbi wa Pacers, timu ya mji huo, uliofunguliwa 1999, ulijengwa kwa matofali, vyuma vilivyo wazi na madirisha makubwa, kwa kuiga kumbi za shule za jimbo la Indiana. Na mfano wake haujafa: mjini humo humo Hinkle Fieldhouse wa 1928, mali ya Chuo Kikuu cha Butler, bado unachezewa. Hapo ndipo mwaka 1955 shule ya Crispus Attucks, ikiongozwa na Oscar Robertson kijana, ilipokuwa shule ya kwanza ya wanafunzi weusi watupu kutwaa ubingwa wa Indiana. Robertson baadaye akawa miongoni mwa wakubwa wa NBA.

Madison Square Garden wa New York ni wa nne kwa jina hilo. Ulifunguliwa 1968 juu ya stesheni ya Penn, ambayo jengo lake zuri la juu lilivunjwa ili kuupisha. Hasira ya wananchi ikachangia sheria ya 1965 ya kuhifadhi majengo ya mji. Ukumbi uliozaliwa kwa lawama ukajipatia heshima kwa matukio. Tarehe 8 Mei 1970 Willis Reed wa Knicks aliingia fainali akichechemea, akafunga vikapu viwili vya kwanza vya timu yake, na Knicks wakatwaa taji lao la kwanza. Miezi kumi baadaye Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali kwa ndondi humo humo. Ukarabati wa 2011 hadi 2013 ulibadilisha mengi, lakini dari ya mviringo ilibaki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna safari fupi zaidi: BK Arena ya Kigali, yenye nafasi ya watu kama 10,000, iliyofunguliwa 2019 na kupokea msimu wa kwanza wa Basketball Africa League mwaka 2021. Historia yake ni changa, lakini inaandikwa sasa, na nauli yake ni ya basi.

Mwenye uwezo wa safari mbili Marekani aende New York na Indianapolis. Mwenye moja achague New York, wala asichelewe: mwaka 2023 baraza la mji liliupa Madison Square Garden kibali cha miaka mitano tu cha kubaki pale ulipo.