Alama ya dola katika majina ya klasi wakala

Takwimu za wagonjwa wanaotibiwa Pasiansi, kama ilivyo kwa kata nyingine za Ilemela jijini Mwanza, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kuishia kwenye DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa Java juu ya Spring na Hibernate. Mifumo ya aina hii ina klasi ambazo hakuna binadamu aliyeziandika. Programu ikiwa kazini, Hibernate hutunga klasi wakala inayojifanya rekodi halisi, na rekodi yenyewe haisomwi kwenye hifadhidata mpaka ihitajike. Klasi hiyo lazima iwe na jina, na historia ya majina hayo inanishawishi kwamba anayeyahitaji hasa ni fundi anayesaka hitilafu, wala si kompyuta.

Kampuni ya Sun ilipoingiza wakala katika Java 1.3 mwaka 2000, haikuahidi jina kamili. Ilitenga tu majina yanayoanza na $Proxy. Kanuni za Java nazo zilishaiachia alama ya dola msimbo unaotungwa na mashine. Hapo hakuna mgongano wa majina, lakini $Proxy12 haimwambii fundi inamwakilisha nani. CGLIB, maktaba ya kutunga klasi, ilifanya vizuri zaidi: ilianza na jina la klasi asilia, ikafuatisha $$EnhancerByCGLIB$$. Thamani ya hilo ilionekana kwenye OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya Eldoret, Kenya. Msimbo ulipojaribu kuigeuza Concept kuwa klasi yake ndogo, ConceptNumeric, kosa lilitaja Concept_$$_javassist, jina la mtindo uleule kutoka Javassist, maktaba ambayo Hibernate iliitumia kutunga wakala. Kipande hicho kimoja cha jina kilitosha kuonyesha kwamba kilichoshikwa ni wakala, na kwamba Hibernate ndiyo iliyomtunga.

Wapo watakaosema jina lisitegemewe kabisa, kwani hubadilika: Spring, ambayo nayo hutunga wakala, katika toleo la 6 la mwaka 2022 iliacha $$EnhancerBySpringCGLIB$$ ikachukua $$SpringCGLIB$$. Kwa programu wana haki, ndiyo maana OpenMRS ina getRealObjectFromProxy, inayomwomba wakala amtoe mwenyewe. Ila hoja hiyo haimgusi msomaji wa kumbukumbu za makosa, ambaye mara nyingi hana kingine mkononi zaidi ya maandishi. Tena Spring yenyewe, katika getUserClass, huitambua klasi wakala kwa kutafuta $$ ndani ya jina; toleo la 6 lilibadilisha maneno, likaziacha dola mbili palepale.