Ukanushi na Viwakilishi: Fundisho kutoka Mwambao wa Mwanza

Mnamo Agosti 1858 John Hanning Speke alifika karibu na Mwanza ya leo pamoja na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay. Yafaa ikumbukwe kwamba wawili hao walisemezana kwa Kihindustani. Kiswahili na Kiingereza vilikuja kukabiliana hasa mwambaoni hapo baada ya Julai 1916, Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani, na Kiingereza kikawa lugha ya sheria na ya madarasa ya juu. Tangu hapo walimu na wafasiri wamesumbuliwa na viwakilishi visivyomtaja mtu mahsusi.

Katika Kiingereza ukanushi waweza kukaa ndani ya kiwakilishi chenyewe: "nobody came". Katika Kiswahili hukaa katika kitenzi: "mtu yeyote hakuja", au "hakuna aliyekuja". Mwanafunzi afuataye mpango wa Kiswahili huandika "anybody did not come", sentensi ambayo Kiingereza hakiikubali. Vilevile, akifikiria "watu wote", huandika "everybody are", hali sarufi yadai umoja: "everybody is". Hapo na akumbuke "kila mtu", ambayo nayo huchukua umoja: kila mtu amekuja.

Kwa mfasiri hatari ni kubwa zaidi. Makatazo katika sheria za Kiingereza mara nyingi huanza kwa "no person shall". Tuseme katazo la namna hiyo limefasiriwa na kubandikwa mwaloni hivi: "Wavuvi wote hawaruhusiwi kuvua hapa." Mmoja ataelewa kwamba hakuna aruhusiwaye, mwenzake ataelewa kwamba si wote waruhusiwao, na huenda yeye anaruhusiwa. Akitupa wavu, atatozwa faini kwa kosa la mfasiri. Lau ingeandikwa "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuvua hapa", shaka isingekuwapo.

Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za Tanzania. Hivyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zilihitaji kufasiriwa. Twashauri kwamba mfasiri akutanapo na kiwakilishi cha kukanusha, kwanza ajiulize: ni nani hasa anayekatazwa? Kisha aupeleke ukanushi mahali pake, penye kitenzi.