Waashi wa Canterbury na Majira ya Baridi

Tarehe 5 Septemba 1174, cheche zilizopeperushwa na upepo kutoka nyumba za jirani zilipenya chini ya mabati ya risasi yaliyoezeka Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, zikashika maboriti yake makuukuu, na ile sehemu ya kwaya, walipozoea watawa kusali, ikateketea. Katika watawa hao alikuwamo Gervase, ambaye aliandika habari za ujenzi mpya mwaka hata mwaka, na anayeisoma tarehe yake huona kwamba waashi wale hawakuhesabu siku zao ila kwa baridi: nguzo 4, asema, zilisimamishwa kabla ya majira ya baridi ya 1175, na 2 nyingine baada ya kupita majira hayo.

Sababu ilikuwa ni chokaa. Chokaa ya kale haikuwa kama saruji ya leo, bali iliyabisika polepole kwa kunywa hewa, wiki nyingi na hata miezi. Na maadamu ingali mbichi, maji yaliyomo yakipatwa na jalidi hutanuka kadiri ya sehemu 9 katika 100, yakaulegeza ukuta ungoni mwake. Kwa ajili hiyo ilikuwa ada ya waashi wa Uingereza, baridi ikikaribia, kuzifunika kuta zisizokwisha kwa mabua na samadi, na wale wapangaji mawe wakaambiwa waende zao hadi joto lirudi, ilhali wachongaji waliendelea bandani, wakikata mawe kwa kufuata vigezo. Waashi wa pwani yetu, waliojenga msikiti wa Kizimkazi ambao maandishi yake ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, nao walichoma matumbawe wakapata chokaa ya tabia hiyo hiyo, wala hawakuwa na jalidi ya kuiogopa.

Fundi mkuu wa Canterbury alikuwa William wa Sens, Mfaransa, hodari wa mti na wa jiwe, aliyeagiza mawe ng'ambo ya bahari na kubuni mitambo ya kuyapakia na kuyapakua majahazini. Mwaka 1178, alipokuwa akitengeneza mitambo ya kujengea kuba kubwa, maboriti yalivunjika chini ya miguu yake, akaanguka kadiri ya futi 50, mawe na miti vikimfuata. Baridi ilikuwa inakuja, na kuba la juu halina budi kumalizwa. Basi akiwa kitandani, asiyeweza hata kuinuka, aliiweka kazi mikononi mwa mtawa mmoja kijana aliyewasimamia waashi, na kila lililopasa kutangulia na kufuata akaliamuru mwenyewe. Nami katika habari zote za Gervase sijaona linalonigusa kuliko hili, mtu aliyevunjika mwili akishindana na jalidi kwa ulimi wake.

Tabibu hawakumfaa, akarudi Ufaransa. Aliyemrithi, William Mwingereza, mfupi wa umbo, mwaminifu na mwepesi wa fahamu, aliendeleza kazi hata Pasaka ya 1180, ambapo watawa, wasiostahimili tena kungoja, walitaka waingie kwaya yao mpya. Naye, kwa kuwa upande wa mashariki ulikuwa bado wazi, aliuziba kwa ukuta wa mbao wenye madirisha 3 ya kioo.